Kabla ya kukata tiketi ya Dubai, ulizeni mwezi

Wamama wenzangu tunaouza nguo soko la Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, na nyinyi vijana mnaoanza safari za Dubai: kabla ya kuuliza bei ya tiketi, ulizeni kwanza mwezi wa Kiislamu umefikia wapi. Wengi wakinisikia hujibu kwamba wao ni Wakristo, mwezi huo unawahusu nini. Unawahusu sana. Benki ya kule, forodha, wakala wa kargo, mwenye duka la jumla pale Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, wote wanaufuata.

Sisi Lubumbashi tumezoea sikukuu zisizohama. 30 Juni, siku ya uhuru wetu, ni 30 Juni. 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi tuko makaburini tunang'oa majani, mchana tunapika bukari, yaani ugali, kwa wazazi walio hai, na mwaka ujao ni tarehe ile ile. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wetu kwa siku 10 au 11, kwa hiyo sikukuu zake zinasogea. Falme za Kiarabu, nchi ya Dubai, walisali Idi ya kumaliza mfungo 10 Aprili 2024. Mwaka uliofuata ikawa 30 Machi. Ukipanga safari kwa kukumbuka tarehe ya mwaka jana, utakuta milango imefungwa.

Mama jirani yangu wa Kamalondo, Mwislamu tangu kuzaliwa, ndiye aliyenieleza kwamba kwa msafiri Idi mbili hazifanani. Idi ndogo huja baada ya Ramadhani ya siku 29 au 30, na mwezi unatafutwa jioni ya siku ya 29. Watu wanalala, au wanakesha, wakijua usiku ule ule kama kesho ni Idi. Hata majirani hawapatani: mwaka 2025 Falme za Kiarabu walisali Jumapili, Oman, waliopakana nao, wakasali Jumatatu. Idi kubwa ni tofauti. Inaangukia siku ya 10 ya Dhulhija, na mwezi wa Dhulhija ukishaandama kila mtu anajua siku yake mapema, zaidi ya wiki moja kabla. Kwa hiyo Idi kubwa unaweza kuipangia. Idi ndogo uiachie nafasi, mbele na nyuma, na usiahidi mteja kwamba mzigo unatoka siku fulani.

Ramadhani yenyewe siiogopi, ninaipenda. Wafanyakazi wanapunguziwa saa mbili za kazi kwa siku, basi asubuhi mambo yanakwenda polepole. Mimi asubuhi napumzika, naandika hesabu zangu, nanunua baada ya magharibi, maduka yanapokuwa wazi hadi usiku sana na wauzaji wameshakula, roho imetulia. Bei inazungumzika vizuri zaidi saa hizo. Mchana mikahawa mingi iko wazi, na tangu 2021 Dubai hailazimishi tena mapazia ya kuwaficha wanaokula. Hata hivyo sinywi maji barabarani. Mtu anayebeba marobota kwenye jua lile hajagusa tone tangu alfajiri. Nitaifungua vipi chupa yangu mbele yake?

Jua likizama mzinga unapigwa, na nje ya misikiti chakula kinagawiwa bure. Vibarua wa Pakistani, wa Bangladesh, wa India wanakaa chini safu kwa safu. Nilipokuwa napita na mifuko yangu, kijana mmoja alinyoosha mkono akanipa boksi: tende, maji, sambusa, wali wa biriani. Hakuniuliza dini yangu. Nililila lile biriani lote, na tangu siku hiyo nikisikia mtu wa huku anasema Waarabu hawana ukarimu, namkatiza.

Siku za Idi ndizo wafanyabiashara wetu wanazilalamikia: hoteli inalipwa, duka la jumla limefungwa. Maduka makubwa ya kisasa yanafungua, lakini hayo si yetu, bei yake si ya kuuza tena. Mimi nasema malizeni manunuzi kabla, kisha bakini. Sala ni mapema, jua likishachomoza kidogo, halafu barabara zinajaa watoto wenye nguo mpya wanaopewa pesa na wakubwa wao. Idi kubwa nyama haichinjwi barabarani. Kuna machinjio rasmi, na inagawanywa: ya nyumbani, ya ndugu, ya maskini. Mzee ninayenunua vitambaa kwake ana asili ya Zanzibar, Kiswahili chake kinanipita mbali. Namwita papa, kama tunavyowaita wazee huku, naye ananiita mwanangu. Alinialika kwake Idi kubwa. Nilianza kumuuliza kuhusu bei ya satini, akanizuia kwa mkono: «Leo biashara hapana, mwanangu. Kula.» Wake wa wanawe walinijazia sahani hadi nikaomba rehema.

Mwaka mpya wa Kiislamu na Maulidi ni siku moja moja, hazisumbui sana. Ijumaa ukumbuke kwamba ofisi za serikali zinafanya kazi nusu siku; tangu Januari 2022 mapumziko yao ni Jumamosi na Jumapili kama sisi, ila Sharjah, jirani pale, ofisi za serikali zinapumzika Ijumaa nzima pia.

Sikukuu moja tu ya kule isiyofuata mwezi inatubana: ya 2 Desemba, kuungana kwa falme zao mwaka 1971. Mapumziko yake kwa kawaida ni 2 na 3, ingawa serikali inaweza kuyasogeza kidogo. Hapo ndipo wengi wetu tuko Deira tukikimbilia nguo za Noeli. Anayetaka viatu vya watoto vifike Lubumbashi kabla ya tarehe 20 amalize karatasi za kargo Novemba, wala asingoje kuambiwa na wakala.