Siku Saba Chini ya Mvua ya Sutherland

Shemeji yangu alipowasili Glasgow mwanzoni mwa Julai kutoka Tanga, sandukuni mwake mlikuwa na suruali tatu za jinzi, raba nyeupe ambazo hazijaonja vumbi, na mwavuli mkubwa mweusi alioununua mahususi kwa safari yetu ya milimani. Sikumcheka. Alikuwa ameambiwa kwamba kiangazi cha Uskoti kina mvua, naye ni mtu wa pwani anayeijua mvua: masika ya kwetu humwagika kwa kishindo, mitaa ikajaa maji, kisha jua likachomoza na baada ya muda mfupi shati limekukaukia mgongoni. Mimi mwenyewe, pamoja na kuishi Glasgow miaka kumi na mmoja, nilikuwa na hesabu hiyo hiyo kichwani, kwa sababu mvua ya mjini mtu huikimbia akaingia dukani. Nilidhani kazi yetu itakuwa kujikinga tusilowe. Kufikia usiku wa pili nilikuwa nimeshaelewa kwamba kulowa kutatokea tupende tusipende, na kwamba kazi yenyewe ni kukausha.

Sutherland iko pembeni kabisa kaskazini-magharibi mwa Uskoti bara. Tuliendesha gari zaidi ya saa tano, tukapita Inverness, tukapita Ullapool, na kutoka hapo kwenda Lochinver barabara ilizidi kuwa ndogo hadi katika vijia vya pwani ikabaki upana wa gari moja, yenye vituo vya kupishana kila baada ya mwendo mfupi. Adabu ya barabara hizo ni rahisi: unayemwona mwenzako kwa mbali na kituo kikawa karibu nawe, unasubiri wewe, naye akipita anakuinulia mkono. Kondoo hawana adabu hiyo. Hulala katikati ya lami kwa sababu hapo ndipo pakavu. Ardhi yenyewe ni mawe ya kijivu yaliyopinda na kuchomoza kila mahali, mawe ambayo umri wake unafikia miaka bilioni tatu, na kati yake vidimbwi vyeusi visivyohesabika, na juu yake milima ya mawe mchanga iliyosimama mmoja mmoja kama vichuguu. Tuliisoma milima hiyo kwenye ramani tu, maana siku tuliyofika mawingu yalikuwa yameshuka hadi usawa wa paa za nyumba.

Siku ya kwanza tulikwenda rasi ya Stoer, kwenye mnara wa taa, tutembee juu ya majabali ya bahari. Mwavuli ulidumu kama dakika tano. Upepo uliuingia kwa chini, ukaugeuza ukawa bakuli, kisha chuma kimoja kikachomoka na shemeji akabaki ameshika fimbo yenye kitambaa kinachopepea. Jinzi ndizo zilizotuumiza zaidi. Pamba ikishanyonya maji huwa nzito, hukwaruza mapaja, na hukunyonya joto hata kama unatembea kwa kasi. Tulirudi garini tukitetemeka, mwezi Julai, meno yakigongana. Chumba tulichopanga kilikuwa na kipasha joto kidogo ambacho kiangazi huzimwa, na nguo tulizotandaza juu ya viti tulizikuta asubuhi zimelowa vile vile, ila sasa zikiwa baridi.

Siku ya pili hatukutembea. Tulirudi Ullapool kununua suruali za mvua na soksi za sufu, nami nikamtafutia shemeji viatu vya mlimani vilivyotumika, kisha tukahamia hosteli yenye chumba cha kukaushia. Chumba hicho ni kidogo, hakina dirisha, kina mashine inayovuma usiku kucha na kamba zilizotandazwa ukutani hadi ukutani, na harufu yake ni ya miguu ya mataifa yote. Wageni hukiheshimu. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea peke yake, ambaye naamini alikuwa ametutazama kwa huruma tangu tulipoingia, alinionyesha namna ya kutunza viatu: vuta soli ya ndani uiweke kando, legeza kamba zote, sokomeza magazeti mpaka kwenye vidole, na kabla ya kulala yatoe magazeti yaliyolowa uweke mengine makavu. Usiviweke karibu na moto, alisema, ngozi hupasuka na gundi huachia. Tangu usiku ule tulikuwa tukigombea magazeti ya jana kama wauza karanga.

Hapo tukajiwekea utaratibu ambao sijauacha mpaka leo. Kila mmoja alikuwa na seti moja ya nguo kavu, yaani fulana, suruali, sweta na soksi, zilizofungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni, na nguo hizo hazikuguswa isipokuwa tukiwa chini ya paa na siku imekwisha. Nguo za kutembelea, kama hazikukauka, zilivaliwa zikiwa mbichi. Hili lilikuwa gumu kulikubali.

"Shemeji, yaani nivae soksi mbichi na hapa nina kavu?" aliniuliza asubuhi ya tatu, akiwa ameshika soksi mkono huu na huu.

"Ukizivaa hizo kavu, baada ya robo saa utakuwa na jozi mbili mbichi," nikamjibu.

Alizivaa, akanuna hadi tulipofika garini, na baada ya kutembea kidogo akakiri kwamba sufu mbichi hupata joto mguuni. Ndani ya begi la mgongoni tuliweka mfuko mkubwa wa taka na kutia kila kitu humo, kwa sababu lile koti la begi linalofunika kwa nje hupeperushwa, na maji hushuka mgongoni na kuingia upande usiofunikwa. Simu ilikaa mfukoni imezimwa. Kioo chake kikishapata matone hakitambui kidole, na tulitegemea ramani ya karatasi iliyo ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na dira.

Siku hiyo ya tatu tulikwenda kwenye Mapango ya Mifupa, kusini mwa Inchnadamph. Ni matembezi mafupi, kwenda tu ni kama kilomita mbili na ushei, katika bonde la mawe ya chokaa, na mwisho wake kuna mapango katika jabali ambamo wanajiolojia Peach na Horne walichimba mwaka 1889 na kupatikana mifupa ya wanyama wa zama za barafu, wakiwemo dubu. Kitabu cha njia kilisema kwamba sehemu ya juu ya mto ni mkavu, kwa kuwa maji hupita chini ya mawe na kuibukia chemchemini. Tulipofika hapo mto ulikuwa unapita juu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, yakipiga mawe kwa mngurumo, na ng'ambo, hatua labda mia kutoka tulipo, tuliyaona matundu ya mapango. Shemeji alichukua jiwe la ukubwa wa nazi akalitupa katikati. Hatukuliona likitua, tulisikia tu likisagana na mengine chini ya maji, na sauti ile ilitosha. Tuligeuka. Siku mbili baadaye, mvua ilipopungua usiku mmoja tu, tulirudi tukavuka mahali pale pale juu ya mawe makavu bila kulowesha kiatu. Mawe ya chokaa huyameza maji haraka kama yalivyoyatapika, na nilijifunza kwamba mto wa huko hauulizwi kama unavukika, unaulizwa kama unavukika leo, na pia kama utavukika jioni wakati wa kurudi.

Siku ya nne iliokolewa na upwa wa Tanga. Mtu wa pwani akiamka huuliza kwanza upepo uko upande gani, kama ni kusi au kaskazi, na shemeji alikuwa akitoka nje kila asubuhi kutazama moshi wa jirani. "Upepo huu ni wa kutoka baharini, tangu juzi haujageuka," alisema. Nikafungua utabiri wa milimani, ukasema hivyo hivyo kwa maneno mengi zaidi: kusini-magharibi, siku nzima. Upepo huo hutoka Atlantiki umejaa maji, ukigonga milima ya magharibi hupanda juu, hupoa, na kumwaga mzigo wake hapo hapo, hivyo pwani ya mashariki huachiwa makombo. Tukaendesha karibu saa mbili kuvuka nchi hadi Golspie, na njiani, kama aliyevuka kizingiti, tukatoka kwenye mvua tukaingia kwenye jua la manjano na barabara kavu.

Tulipanda kilima cha Ben Bhraggie, ambacho juu yake kuna sanamu kubwa ya Duke wa kwanza wa Sutherland, yaani mwinyi mwenye cheo cha juu, iliyosimamishwa mwaka 1837. Huyu na mkewe ndio waliomiliki ardhi ile wakati maelfu ya wapangaji walipoondolewa mabondeni mwanzoni mwa karne ya 19 ili kondoo wapate malisho, nyumba zikachomwa, watu wakasukumwa ufukweni au ng'ambo ya bahari. Misingi ya nyumba zao tulikuwa tumeiona upande wa magharibi, mistari ya mawe kwenye majani yaliyo mabichi kuliko mengine, nami nilikuwa nimedhani ni mazizi. Shemeji aliitazama sanamu kwa muda. "Na waliofukuzwa, sanamu yao iko wapi?" Ipo, Helmsdale, kaskazini kidogo ya hapo, lakini siku haikutosha kwenda kuiona.

Kuhusu usubi nitasema machache. Upepo ukitulia na mvua ikawa manyunyu, wanatoka kama moshi, wadogo kuliko nukta, na huingia masikioni na kwenye nywele. Chandarua cha kichwa kinauzwa bei ndogo na kinavaliwa juu ya kofia yenye ukingo ili kisiguse uso. Kutembea kunasaidia, maana mwendo wenyewe ni upepo. Kusimama kupiga picha hakusaidii.

Jambo ambalo hakuna kitabu cha njia kilichotuambia ni swala. Katikati ya Julai magharibi inaingia baada ya saa nne usiku na giza kamili halipatikani, hivyo siku ya matembezi ni ndefu ajabu na usingizi ni mfupi. Adhuhuri tuliswali njiani juu ya kipande cha nailoni, tukielekea kusini-mashariki, na kwa kuwa upepo haukubadilika wiki ile, mvua ilitupiga shavu la kulia tu.

Suilven ndio mlima tulioujia. Una mita 731, si mrefu, ila umesimama peke yake, na eneo lake ni mali ya jamii ya wenyeji wa Assynt, sehemu hiyo ya magharibi ya Sutherland, walioinunua ardhi hiyo mwaka 2005. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 20. Kuna kanuni ya Naismith, Mskoti wa karne ya 19, inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo ilikuwa kazi ya saa tano na kitu. Siku ya sita tulianza saa moja na nusu asubuhi, tukiwa na chupa ya chai ya tangawizi na chapati zilizokunjwa na mayai, na njia ya mwanzo ilikuwa nzuri. Tulipoiacha tukakutana na kinamasi. Shemeji alikanyaga majani ya kijani yaliyong'aa kuliko mengine, akazama hadi gotini, na mguu ulipotoka ulitoa sauti ya busu. Baada ya hapo tulikanyaga penye majani makavu ya kahawia na kupima kwanza kwa fimbo, tukawa tunakwenda nusu ya mwendo wa Naismith au chini yake.

Tulifika kibanda cha Suileag, chumba cha mawe kilicho wazi kwa mpita njia yeyote bila malipo, tukakaa kunywa chai huku maji yakitiririka mlangoni. Nilimwonyesha kwenye ramani: mlima uko hapo mbele, na kabla ya mlima kuna vijito. Alitazama ukungu, akatazama soksi zake.

"Umesema uko hapo?"

"Hapo hapo."

"Basi tumefika kwake, hakuwa nyumbani."

Tukarudi. Viatu vilikaushwa mara ya mwisho, na kesho yake, tukipita Ullapool, shemeji aliingia dukani akatoka na kadi ya posta yenye picha ya Suilven chini ya anga la samawati. Ndani ya gari aliomba kalamu, akaweka alama ya msalaba mdogo chini ya mlima, kwenye majani, kulia kidogo kwa kijito, ili Tanga wakimuuliza awaonyeshe alipokuwa amekaa.