Nilivyojua umri wa sahani za maua zilizosemwa ni za Washaker

Mimi naishi Massachusetts, maeneo ya Pittsfield, na wikendi napenda kuzunguka minada ya vitu vya zamani. Siku hiyo nikakuta boksi la sahani za kauri, maua madogo ya pinki na mstari wa dhahabu ukingoni, mama anayeuza anasema zilitoka kwa Washaker, kundi la Wakristo walioishi pamoja, wa kijiji chao cha Mount Lebanon, New York, hapo tu ukivuka mpaka. Rafiki yangu akakataa kabisa, Washaker na maua wapi na wapi! Na alikuwa na hoja, maana hawa ni wafuasi wa Ann Lee aliyetoka Uingereza 1774, walikuwa hawaoi, mali ilikuwa ya wote, mezani walikula kimya, wanaume kwao wanawake kwao, na kanuni zao za 1845 zilikataa mapambo yasiyo na kazi.

Mimi nikazipenda, nikaanza kuzichunguza. Kwanza niliweka tochi ya simu nyuma ya sahani, vidole vyangu vikaonekana kivuli upande wa pili, basi ni kauri yenyewe, udongo wa kawaida haupitishi mwanga. Nikapapasa maua, yanashikika kidogo, yaani yamewekwa juu ya ule mng'ao wa sahani, lile tabaka laini kama kioo, ndio maana dhahabu imeshaanza kufutika na sahani hizi usiziweke kwenye mashine ya kuoshea wala maikrowevu. Halafu nikageuza chini: Limoges, France, mji wa Ufaransa unaojulikana kwa sahani za kauri. Hapo ndio kwenye utamu, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani iitwayo McKinley ya 1890 ililazimisha bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka kuanzia 1891, kwa hiyo sahani yenye neno France kwa kawaida ni ya mwaka huo kuja mbele.

Na miaka hiyo Washaker walishapungua sana, wengi waliobaki ni kina mama, masharti yamelegea na wananunua vitu vya kiwandani vyenye urembo kama majirani zao. Kwa hiyo maua peke yake hayatoshi kusema sio zao. Ila Limoges ziliuzwa nyumba nyingi mno Marekani, sahani haiwezi kujitetea yenyewe, nikamuuliza yule mama kama ana maandishi yoyote, akaleta karatasi ya bibi yake, mwandiko wa mkono, kwamba alizinunua Mount Lebanon kwenyewe walipokuwa wanaelekea kufunga, na pale walifunga 1947. Nikalipa palepale. Karatasi nimeipiga picha, yenyewe inakaa ndani ya boksi na sahani zake.