Tabora mpaka Gombe, na boti ya Kibirizi isiyo na haraka

Mimi nimezaliwa Tabora nikakulia Tabora, treni ya Kigoma naisikia inapiga honi tangu nikiwa mtoto, na mpaka Desemba hii sokwe nilikuwa namjua kwenye tv tu. Aibu lakini ndo hivyo. Nikapata likizo ya siku sita, nikamvuta binamu yangu ambaye hana kazi ya kumzuia, tukapanda basi alfajiri kwenda Kigoma, tukawaone sokwe wa Hifadhi ya Gombe.

Urambo na Kaliua nililala. Nilipozinduka tulikuwa tunapita Daraja la Kikwete na mto Malagarasi umejaa balaa, maji rangi ya chai ya maziwa, mafunjo yametanda huku na huku mpaka hujui mto unaishia wapi na ardhi inaanzia wapi. Hapo ndo nikakumbuka kwamba mto Igombe, uleule wenye bwawa letu, unaingia humuhumu Malagarasi. Yaani mvua ikinyesha Tabora inakwenda Malagarasi, inaingia Ziwa Tanganyika, inatokea Lukuga upande wa Congo mpaka Atlantiki. Na siku hizi bombani tunakunywa maji ya Ziwa Victoria, ambayo yasingevutwa kuletwa kwetu yangekwenda Misri. Nikamweleza binamu kwa msisimko wote, akaniambia dada niache nilale.

Kigoma tukafika jioni. Mwisho wa reli, na kweli ukisimama stesheni ukaangalia chini unaliona ziwa, reli haina pa kwenda tena. Tukala migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo, mawese yanatiririka mpaka kiwiko, afu tukashuka ufukweni gizani. Kule mbali taa zimepangana kama kuna mji mwingine juu ya maji. Ni wavuvi wa dagaa, wanawasha taa samaki waje juu, ndo maana mbalamwezi ikiwa kali wengi wanapumzika, taa inakuwa haina maana. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola. Nilikaa pale mpaka mbu wakanifukuza.

Kesho yake tukaenda Kibirizi, kwenye boti. Kuna boti za kukodi za watalii, bei yake nisiiseme nitalia, na kuna boti za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini, zinakushusha Gombe njiani. Tukachagua za wananchi. Tuliambiwa inaondoka saa sita. Saa sita ikafika wakapakia mabati. Saa saba wakapakia magodoro, kreti za soda, na mama mmoja na kuku wake wanne. Nikamuuliza nahodha, shikamoo mzee, tunaondoka saa ngapi? Marahaba mwanangu, tukijaa. Basi hilo ndo jibu, kaa utulie.

Pembeni yangu kulikuwa na babu mmoja, akanisimulia meli ya Liemba utadhani anasimulia habari za shemeji yake. Imeundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa vipandevipande ikaungwa hapahapa Kigoma, 1916 kwenye Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, 1924 Waingereza wakaiopoa, 1927 ikarudi kazini. "Na injini walikuwa wameipaka grisi kabla ya kuizamisha," akasema, "mtu anazika huku anajua atafukua." Muda ukaenda bila kujua.

Tulipoondoka upepo ulikuwa umeshaanza na boti inanesa kweli. Binamu akaona ndo wakati mzuri wa kunisomea kwenye simu kwamba ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Asante sana. Mama wa kuku alikuwa amelala fofofo.

Gombe ni mlima unaoangukia ziwani, msitu juu, kokoto chini, na nyani wanatembea ufukweni kama wao ndo wapokea wageni. Asubuhi tukakutana na mwongozaji, na hapo binamu akapiga chafya. Moja tu. Mwongozaji akamwangalia, una mafua? Akasema vumbi. Vumbi Desemba, mvua imenyesha usiku kucha! Akaambiwa kwa upole, kaka yangu wewe utabaki. Na wana haki, sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu vibaya sana, mwaka 1966 polio iliwapitia sokwe wa hapahapa, wengine wakafa, wengine wakalemaa. Sisi wazima wenyewe tulivaa barakoa na kukaa umbali wa mita 10.

Tulipanda kama masaa mawili, mteremko una utelezi, nimeanguka mara tatu nahesabu zile zilizoonwa tu. Afu mwongozaji akanyoosha kidole bila kusema. Mama sokwe amekaa kwenye kichuguu, mwanae pembeni. Akachuma jani refu la nyasi, akalichana kwa meno likawa jembamba, akalipenyeza kwenye tundu polepole, akatulia. Akalivuta, mchwa wameng'ang'ania kote, akawapitisha mdomoni kama mtu anavyovua nyama kwenye mshikaki. Mtoto naye akaokota kijiti, kinene mno, kikagoma kuingia, akakigeuza, kikagoma, akamwangalia mama yake. Mama wala hakugeuka. Hicho ndicho Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alichokiona Gombe mwaka 1960, wakati huo wataalamu wanasema kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Saa moja tuliyoruhusiwa ilikwisha sijamwona hata sokwe mwingine vizuri, maana sikutaka kutoa macho kwenye kile kijiti.

Kushuka nikamkuta binamu amekaa barazani amenuna. Mlango wa chumba aliuacha wazi dakika mbili, nyani kaingia kachukua maandazi yetu yote na mfuko wake. Tukawashiana simu kuonyeshana picha. Zangu zote ni mgongo mweusi na majani. Yake moja, imetoka safi kabisa, nyani juu ya ngazi anaangalia kamera, andazi mkononi.