Ninachopakua kabla ya kufunga shule

Huku Rungwe, kila inapofika mwishoni mwa Novemba, mvua huanza saa nane mchana na umeme hukatika muda mfupi baadaye, kana kwamba vimeagana. Ni wiki ambazo mwalimu anasahihisha mitihani, anajaza alama na kuandika ripoti za wanafunzi, kwa hiyo kuketi mtandaoni kutafuta vifaa vya kufundishia vya mwaka ujao huonekana ni anasa. Mimi huifanya kazi hiyo sasa hivi, kwa sababu likizo huwa naipitia kijijini, ambako mtandao hupatikana kwa kusimama nyuma ya jiko la mama, upande wa migomba.

Mwaka juzi nilikosea. Kwa usiku mbili mfululizo, nikitumia bando la usiku, nilijaza flashi kwa kila kilichoonekana kinahusu Fizikia. Nilipoketi Januari kuandaa azimio la kazi, niligundua kwamba mafaili mengi yalikuwa ni kurasa za viungo tu, video hazikufunguka bila intaneti, na nukuu za somo nilizozitegemea kwa kidato cha pili zilifuata mtaala wa nchi nyingine. Tangu hapo, kabla sijalihesabu faili kuwa langu, nazima data kwanza, kisha nalifungua.

Cha kwanza ninachokitafuta siku hizi ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania huzitoa kwa kila somo na kuziweka kwenye tovuti yake. Walimu wengi tunapakua mitihani iliyopita na kuishia hapo, ilhali mtihani peke yake haukuonyeshi mwanafunzi alikwama wapi. Taarifa inachukua swali moja baada ya jingine, inaeleza watahiniwa walilijibu vipi, kisha inaweka picha ya jibu zuri na ya jibu baya, kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Nilipoanza kuzisoma nilikutana na makosa yale yale niliyokuwa nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu jioni hiyo hiyo: kanuni imeandikwa sawasawa, namba zimeingizwa sawasawa, lakini sentimita hazikubadilishwa kuwa mita. Nilikuwa nikiamini ni uzembe wa wanafunzi wangu. Sasa kipindi cha kwanza cha Januari huanza na vipimo, kabla ya mada yoyote.

Cha pili ni majaribio ya kuigiza ya PhET, yanayofanyika kwenye kioo cha kompyuta au kishikwambi badala ya maabara; PhET ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Hayalipiwi, mengi hupakuliwa yakatumika bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Maabara yetu ina betri chache, na nyaya zake zimekatikakatika. Kwa hiyo siku ya saketi nilikiegemeza kishikwambi kwenye rundo la madaftari, wanafunzi wakakizunguka kwa zamu, nikaunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu. Betri ikawaka moto kwenye kioo. Darasa lilicheka, kisha binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza kwa nini haikuwaka pale balbu ilipokuwepo, na swali hilo lilitutosha kwa dakika zote zilizobaki. Hata hivyo, mwanafunzi ambaye hajawahi kushika waya halisi bado ana deni, na kioo hakimlipii.

Vitabu vya kiada navisoma kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini: mitaala iliyoboreshwa ilianza kutekelezwa Januari 2024, na inaingia madarasani kwa awamu, hivyo muhtasari wa somo (silabasi) unaofaa darasa moja huenda usifae darasa linalofuata. Khan Academy ni nzuri kwa mwalimu anayetaka kujikumbusha hesabu usiku kabla ya kipindi, ila video zake hula bando. Ama mafaili yanayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, mengi hayana jina la mwandishi wala mwaka, nami huyaacha yapite.

Kishikwambi changu, kimoja cha vile tulivyogawiwa baada ya sensa ya mwaka 2022, kwa sasa kina taarifa tatu za uchambuzi, majaribio sita na muhtasari wa somo. Mwenzangu wa Hisabati ameniomba nimtafutie taarifa ya somo lake, kwa kuwa simu yake haina nafasi. Kesho asubuhi, kabla mvua haijaanza, nitashuka Tukuyu mjini kuipakua, nami nitaifungulia palepale stendi data ikiwa imezimwa.