Besi ya Tukuyu

Nilikabidhiwa kwaya nikiwa sijui kusoma nota. Ilikuwa Aprili 2006, siku kumi kabla ya Pasaka. Mwalimu wao wa miaka mingi alikuwa amelazwa, na mchungaji akanifuata nyumbani Tukuyu nilikokuwa nimerudi kwa wazazi. "Wewe si ulikuwa mwimbaji?"

Nilikuwa mwimbaji kweli. Tulikuwa vijana wanne, kundi letu tukiliendesha kutoka Mwanjelwa, Mbeya, mashabiki wakubwa wa Backstreet Boys na Westlife, tukitaka kuimba namna ile kwa Kiswahili chetu. Kila kitu tulikishika kwa sikio. Tulirudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri, tukasikiliza kipande kimoja mpaka kila mtu apate sauti yake. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai, maikrofoni moja, prodyuza akitupanga kwa hatua: mwenye sauti kali nyuma, mwenye sauti laini karibu. Taa nyekundu ikiwaka tu, kila mmoja wetu anasogea nusu hatua mbele. Mimi wa kwanza. Mwaka 2004 tulivunjika. Mambo ya fedha na promota, nisiyarefushe.

Basi nikasimama mbele ya watu kumi na tisa, nyuma yangu ubao wenye chaki ya yule mwalimu mgonjwa. Juu kaandika "Doh ni G", yaani ufunguo wa wimbo. Chini mistari minne ya herufi, koloni na vistari, nota za solfa, mmoja kwa kila sauti. Wimbo niliwahi kuusikia, nikaona nitaukumbuka. Nikawaambia soprano waanze, wengine wafuate. Mstari wa tatu wa wimbo ukatuvunjikia. Tukarudia, ukavunjika palepale. Mvua ikashuka juu ya mabati, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile.

Ndipo mzee mmoja wa besi, sauti ya chini kabisa, mkulima wa chai, buti bado zina tope, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, kwa ruhusa yako. Sisi huwa tunaanza na besi."

Angeweza kuniaibisha. Nilikuwa na miaka 24, mtoto kwake, lakini aliniita mwalimu mbele ya wote.

"Haya, tata, tuanzishie."

Hakuja mbele. Palepale kwenye benchi la nyuma akaimba mstari wake kwa solfa, polepole: do, do, fa, so, do. Besi wenzake wakaingia. Kisha tena, kisha akawaita tenori, alto, na mwisho soprano. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba sauti za juu zilikuwa zinazama, lakini nilikuwa nimeshika mgongo wa benchi, na mbao yake ilikuwa inatetemeka viganjani mwangu. Mstari wa tatu ukapita. Hakuna aliyepotea.

Nikamkumbuka mwenzetu aliyekuwa akiimba chini. Kila tulipochanganya wimbo mimi ndiye niliyemwambia prodyuza ampunguze. Siku moja alilalamika, nikamjibu, "Wewe unajazia tu." Nilimwambia hivyo, na nilikuwa namaanisha.

Mazoezi yalipoisha mzee akabaki nami, akachukua chaki, akanionyesha koloni inagawa mapigo vipi na kistari kinashikilia sauti mpaka wapi. Nimefundisha kwaya tangu wakati ule, na mpaka leo naanza na besi.

Usiku nilikwangua vocha nikampigia yule rafiki. Alikuwa Tunduma, utingo wa lori. Hatukuwa tumeongea karibu miaka miwili. Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba aniimbie sehemu yake ya wimbo wetu wa kwanza, ile tuliyoipunguza. Alinyamaza kidogo. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa, makelele ya barabarani yakapungua, akaanza. Aliimba mpaka salio likaisha.