Kumbe tatizo halikuwa mizani, ilikuwa loti ya baruti

Mi niko Ohio mwaka wa kumi na moja sasa, na huku Marekani mtu kujaza risasi zake mwenyewe nyumbani ni kitu cha kawaida tu, ganda lililokwisha kupigwa unalisafisha, unalirudisha umbo lake, unatia praima mpya (kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti), unapima baruti afu unakaza kichwa cha risasi juu. Napiga shabaha yadi 600 kwa bunduki ya saizi ya .308.

Kuna kipindi baruti iliadimika kabisa, rafu za maduka tupu, basi nikawa nanunua kopo la paundi moja moja popote nilipolikuta. Jina ni lilelile, uzito napima uleule, nikaona sawa tu.

Nilivyoenda uwanjani risasi zikaanza kushuka. Yadi 600 kile kiduara cha X, cha katikati kabisa ya shabaha, kina upana wa inchi 6, sasa ukishuka inchi 3 umetoka katikati mpaka ukingoni, na zangu zilikua zinashuka hivo. Nikailaumu mizani, nikaikagua kwa jiwe lake, nikazima feni maana hata upepo mdogo unaitikisa, wapi. Siku nilipopata kronografu, kile kifaa cha kupima kasi ya risasi, ndo nikaona, makopo ya zamani yalinipa kama futi 2,650 kwa sekunde na haya mapya 2,610. Nikageuza makopo nikasoma namba za loti, yaani baruti iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, kila kopo na yake!

Kiwanda kinajitahidi loti zifanane lakini haziwi pacha, ndo maana vitabu vya kujazia vinasema ukibadilisha loti shusha kipimo afu upande taratibu. Hilo nilikua nalisoma na kulipita. Na kuchanganya makopo ili "yalingane" sikuthubutu, na sitothubutu.

Sasa hivi nanunua dumu la paundi 8, hiyo ni greni 56,000 (kipimo kidogo cha uzito tunachopimia baruti), zaidi ya risasi elfu moja za loti moja. Ada ya kusafirisha mzigo wa hatari inalipwa kwa mzigo mzima, kwa hiyo tunaagiza watu watatu pamoja tunagawana hiyo ada, na dukani nauliza namba ya loti kabla sijalipa. Inabaki kwenye chombo chake, sihamishi hata kijiko.

Dumu la sasa limebaki robo hivi. Jipya liko kabatini tayari, nitaanza kulipima wakati la zamani bado lipo, siku moja, bunduki moja, jua lilelile.