Kumbe anatembea

Kitindamimba wetu huwa ananiuliza maswali mazito nikiwa nimeshika kisu. Juzi nakata vitunguu, akaja akasimama mlangoni na daftari lake: "Mama, chini ya bahari kuna kelele?" Mwalimu amewaambia kule chini ni kimya kitupu. Nikamjibu mwalimu wako hajawahi kuzama. Kisha nikaketi kwenye kigoda na vitunguu vyangu, maana swali lile lilikuwa limenipeleka kisiwani Mafia, mwaka 2011, kwa wifi aliyenikamata mkono hadi alama za kucha zikabaki mpaka jioni.

 

Safari aliipanga shemeji wa Dar es Salaam, ambaye hupanga kila kitu kwa simu kisha akifika anatapika botini. Alitaka tuzunguke visiwa vyote siku moja: Chole, Jibondo, Juani, na chakula cha mchana tukalie kwenye fungu la mchanga. Mimi sikuwa na sharti ila moja, kwamba wifi twende naye. Ameolewa Jibondo, kisiwa ambacho wanaume wake ni wavuvi na mafundi wa majahazi, na wanawake wake ndio wanaochokoa pweza. Mimi nimezaliwa Njombe. Nilipoingia kwenye ukoo huu nilikuwa sijui hata maji ya bahari yana ratiba.

Ratiba hiyo ndiyo wifi aliyoiuliza kwanza. Hakuuliza nani anakwenda wala nani analipa. Aliuliza, "Mwezi utakuwa wa ngapi?" Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: asubuhi ya saa nne, saa tano, maji yanapwa mpaka mbali, mwamba unabaki nje, na wanawake wanashuka na miti yao na ndoo. Huwezi kumpata wifi siku hizo hata kwa msiba wa jirani. Lakini mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na ile asubuhi ambayo wiki iliyopita mwamba ulikuwa mkavu, sasa ndiyo imefunikwa. Hakuna cha kuchokoa. Kwa hiyo wifi ana likizo mara mbili kwa mwezi, na hakuna bosi anayeweza kumkatalia. Siku ya shemeji iliangukia kwenye maji mafu. Akasema atakuja.

Asubuhi yenyewe naipitia haraka. Getini Utende tulilipa kiingilio cha hifadhi ya bahari, ile iliyoanzishwa mwaka 1995 ikawa ya kwanza Tanzania. Tukavuka hadi Chole. Tukawatazama popo wakubwa wanaoning'inia kwenye miti mchana kutwa, wakigombana na kujipepea kwa mbawa zao. Tukapita kwenye magofu ya Wajerumani, waliokuwa na boma lao pale kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913. Mizizi ya mitini imeshika kuta hizo kiasi kwamba ukiikata, nadhani ukuta nao utaanguka. Shemeji alitaka pia tukawaone papa potwe. Nahodha akamwambia hao wako upande wa pili kabisa, upande wa Kilindoni, hiyo ni siku nyingine na pesa nyingine. Shemeji akanyamaza, akaanza kutazama upeo wa macho kama tulivyomshauri. Haikumsaidia.

Jibondo wifi alikuwa ameshasimama majini hadi magotini akitusubiri, kanga mbili mwilini, suruali ya kubana ndani, na ndoo. "Ndoo ya nini? Leo si maji mafu?" nikamwuliza. "Ndoo ni ndoo," akasema, akapanda.

Nahodha alitia nanga kwenye mchanga, pembeni ya mwamba. Wifi akachungulia, akainua kichwa, akatazama minazi ya Jibondo, akatazama tena chini. "Huu si mwamba wetu?" Nahodha akacheka: ndio huo huo. Bamvua lililopita alikuwa amesimama juu yake kwa miguu. Sasa ulikuwa chini ya maji ya kimo cha mtu na zaidi kidogo, na sisi tulikuwa tunaelea juu ya mahali pake pa kazi.

Miwani haikututosha, ikabidi kupokezana. Mume wangu na rafiki zake walijitupa majini na mapezi yao, wakaenda zao. Wifi akasema yeye atakaa na shemeji, mgonjwa haachwi. Nikamwambia mgonjwa hafi. Nahodha akachukua miwani, akatema mate ndani ya kioo, akasugua kwa kidole, akasuuza, akampa.

"Hayo mate yako ndiyo niyavae usoni?"

"Bila mate kioo kinashika ukungu, dada."

Akaisuuza tena yeye mwenyewe, mara mbili, kisha akatema mate yake. Alivaa jaketi la kuokolea maisha juu ya kanga, akashuka ngazi kinyumenyume. Kanga ya juu ikajaa hewa, ikamzunguka pande zote, akawa anaipigapiga ishuke huku anamtukana shemeji aliyekuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu Utende. Halafu akanikamata mkono. Ni muhimu mjue kwamba wifi hajui kuogelea. Ametembea baharini tangu ana miaka sita au saba, anaweza kukwambia kila shimo la mwamba lile, lakini maji yakimfika kifuani anageuka kurudi pwani. Maji kujaa ni habari ya wanaume wenye vyombo.

Mara ya kwanza alitia uso na kuutoa hapo hapo. Alikuwa amepumua kwa pua. Mara ya pili alikunywa. "Chumvi!" akasema, kwa mshangao, yeye aliyekulia humo. Nikamwambia uma ule mpira kwa meno, vuta pumzi kwa mdomo, taratibu, usiwe na haraka ya kuona. Mara ya tatu alitulia.

Nilikuwa ubavuni mwake, uso wangu nao majini, kwa hiyo sikumwona. Nilichokuwa nacho ni mkono wake tu. Mwanzo ulikuwa umenikaba. Kisha nikasikia kidole kimoja kinalegea, halafu cha pili. Halafu akanivuta, tukainua vichwa.

"Wifi, nani anakaanga dagaa huko chini?"

Hapo ndipo swali la mwanangu lilipo. Chini ya pale kuna kelele, tena nyingi: tatata ndogondogo, kutoka kila upande, hazikomi. Wengi wa wapiga kelele hao ni kamba wadogo wenye gando moja kubwa kuliko jingine. Wakilifyatua, maji yanachomoka kwa kasi mpaka kinatokea kiputo, na kiputo kikipasuka ndiyo mlio. Juu yake kulikuwa na mkwaruzo, na huo niliweza kumwonyesha mwenyewe: pono, samaki wa kijani mwenye mdomo wa kasuku, anakwangua mwamba kwa meno, unamsikia kabisa. Anakula kilichoota juu ya matumbawe pamoja na chokaa yake, na chokaa inatoka upande wa pili ikiwa mchanga mweupe.

Wifi alirudi chini bila kuambiwa. Vitatange wa manjano walipita wawili wawili. Kulikuwa na matumbawe yaliyokuwa hai, ya rangi ya kahawia na zambarau, na kulikuwa na uwanja mzima wa vipande vilivyovunjika, vya kijivu, vimelaliana. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi Mafia, na kabla yake kulikuwa na baruti za kuvulia samaki, na wakata matumbawe wa kuchoma chokaa. Nyumba ya wakwe zangu imejengwa kwa chokaa hiyo. Lakini kuna vipande pale ambavyo hata macho yangu ya Njombe yaliona ni vipya, na vilikuwa vimepangana kufuata njia, kutoka pwani kwenda ukingoni mwa mwamba. Sikusema kitu. Nilikuwa na mrija mdomoni.

Kisha mkono ukanikaba tena, kwa kucha.

Sikuona alichokuwa anatazama, hadi alipokinyooshea kidole. Jiwe lilisogea. Lilikuwa kahawia lenye vipele, likateremka kwenye mchanga, na lilipougusa mchanga likawa na rangi ya mchanga. Pweza. Hakuwa anakimbia. Alinyoosha mkono mmoja mbele, akapapasa chini ya kipande cha tumbawe, akautoa, akanyoosha mwingine. Akajitandaza juu ya tumbawe lote, akaligubika kwa ngozi yake, akakaa hivyo kidogo, akatoka akiwa mweusi kidogo, akaendelea na safari. Alipita chini yetu bila kujali vivuli vyetu. Jicho moja liligeuka juu. Sidai kwamba alitutazama; nasema jicho liligeuka. Tulimfuata, mimi nikipiga miguu, wifi akining'inia kwenye mkono wangu, mpaka alipofika kwenye shimo lenye maganda ya chaza na kaa mlangoni, akajimimina ndani, mkono wa mwisho ukavuta jiwe dogo likaziba.

Wifi aliinua kichwa, akatoa mrija. Miwani ilikuwa imemchora duara usoni.

"Kumbe anatembea," akasema.

Nilisubiri aendelee. Yeye amekwisha kutoa pweza kwenye miamba ile kwa maelfu, hilo si neno langu la kukuza mambo, fanya hesabu ya miaka thelathini ya bamvua. Anamjua akiwa shimoni, mwamba hauna maji, mti umeshaingia. Anamjua akimng'ang'ania mkononi. Anajua pa kumpiga ili afe upesi na jinsi ya kumponda mpaka alainike. Nilitaka kujua ameona nini. Akavaa mrija, akarudi chini, na hakutoka tena mpaka nahodha alipopiga kelele kwamba maji yanaondoka na sisi tuondoke.

Fungu tulilikuta limejitokeza kipande kidogo, kinatosha mkeka mmoja na sufuria. Nikamwambia shemeji kwamba kwa sehemu kubwa amekalia mavi ya pono, nikampa na maelezo yake. Akahamia botini. Chakula kilikuwa wali na pweza wa nazi. Nitakiri nilimtazama wifi kwa jicho la pembeni, nikitarajia, sijui, atasukuma sahani. Alikula. Akaongeza. Akasema aliyempika hakumponda vya kutosha.

Juani tulifika jioni, tukavuka tope la mikoko hadi Kua, mji uliovunjwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Mume wangu alieleza mengi kuhusu msikiti na kasri. Mimi nilikuwa natazama wifi akinawa miguu.

Mnaonijua mnajua nilivyo: usiku huo nilishatunga hadithi nzima kichwani. Nimempa wifi zawadi. Nimemfumbua macho. Mwanamke wa pwani ameona bahari yake kwa mara ya kwanza, na aliyemwonyesha ni mtu wa bara. Ni hadithi tamu na ilinichukua siku kadhaa kuanza kuishuku, maana kila nilipomchokoza ("Wifi, yule pweza!") alijibu kuhusu jambo lingine. Bei ya pweza imeshuka. Ndoo imetoboka. Yule nahodha ni mtoto wa nani vile?

Tulibaki wiki nzima kwa ajili ya mambo ya minazi. Mwezi ukajaa, bamvua likaja, nikamwomba wifi nimbebee ndoo. Maji yalikuwa yamekwenda mbali sana, mwamba uko nje, unameta. Wanawake wengine walishika njia yao ya kila siku, moja kwa moja kutoka pwani, wakikanyaga, na kila hatua ilikuwa na mlio wake mdogo wa kuvunjika ambao mwanzoni sikuwahi kuusikia. Wifi alikata kushoto. Akateremka kwenye mkondo wa mchanga, akazunguka kotekote kwa mgongo wa mwamba, mwendo mrefu mara mbili, wenzake wakafika kabla yetu wakaanza kutuita.

"Mbona huku?" nikauliza.

"Mchanga laini. Miguu yangu imezeeka."

Wifi ni mdogo kwangu kwa miaka minne. Siku ile alipata pweza watano, na wa kwanza alimtoa kwenye lile shimo lenye maganda ya chaza mlangoni.